Bila uzoefu, nitawaambia nini kwenye usaili?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, nasoma shahada ya uhasibu hapa Mwanza na nimepanga chumba Nyegezi. Hivi karibuni niliitwa kwenye usaili wa karani wa hesabu katika kampuni moja ya mizigo. Nilipoambiwa nijieleze nikaanza kutaja shule zote tangu msingi, katikati Kiingereza kikanigomea, wakasema asante, tutakupigia. Hawajapiga. Tatizo langu sina uzoefu. Fildi nilifanya kiwanda cha samaki lakini sikupewa kazi ya maana, wiki zote nilikuwa nalinganisha karatasi za mzani na vocha za malipo ya mawakala wa sangara, na kupanga mafaili. Namaliza mwezi wa saba, nataka kuomba serikalini na viwandani. Nijiandaeje? Wakiuliza mshahara niseme kiasi gani? Na wenzangu darasani wanasema bila kuwa na mtu ndani nisijisumbue hata kuchapisha CV.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia kuisoma kwa sababu ya maneno manne: "sikupewa kazi ya maana". Kwa miaka mingi nimekaa upande wa wanaouliza, viwandani na katika ofisi za umma hapa Kanda ya Ziwa, na maneno hayo nayasikia kila wahitimu wanapoingia sokoni. Kijana ana shahada safi, anaulizwa fildi alifanya nini, anainamisha kichwa anasema, "Nilikuwa nasaidiasaidia tu." Jopo lilitaka kumwona akiwa kazini, naye amelifungia mlango. Kwa hiyo nitaanza na fildi yako, na nitakaa hapo muda mrefu kuliko pengine, kwa sababu ndipo kazi yako ilipo.

Tuchukue siku moja pale kiwandani. Wakala ameleta sangara kutoka visiwani. Wamechambuliwa, wasiofikia sentimita 50 na walioanza kuharibika wametengwa, waliobaki wamepanda mzani. Karani wa mzani ameandika uzito kwenye karatasi. Karatasi imefika ofisi ya hesabu, vocha imeandaliwa, wakala anasubiri hela yake. Kati ya ile karatasi na ile vocha alikaa nani? Ulikaa wewe. Kiwanda kinanunua kwa kilo. Kilo zikizidishwa kwenye vocha, hela imetoka, na kuirudisha kwa mtu aliyekwisha kupanda boti ni kesi nyingine. Zikipunguzwa, wakala kesho anapeleka samaki kwa mshindani. Kazi iliyozuia yote mawili wewe unaiita si ya maana.

Sina shaka ulikutana na tofauti. Tuseme karatasi ya mzani inasoma kilo 412 na vocha inasoma 421. Tofauti ni 9. Darasani mlifundishwa kwamba tarakimu mbili zilizo jirani zikigeuzwa, tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubakiza kitu. Basi mhasibu anayeona tofauti ya 9, au 27, au 180, anaanza kwa kushuku mkono wa aliyenakili kabla hajamshuku mtu kwa wizi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo, kilo hizo 9 ni shilingi 72,000 kwenye vocha moja.

Sasa sikiliza jinsi siku hiyohiyo inavyosikika ikiletwa mbele ya jopo: "Fildi nilifanya kiwanda cha samaki, kitengo cha malipo ya mawakala. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha uzito ulioandikwa mzanini ndio uliolipwa. Siku moja nilikuta vocha imezidi karatasi ya mzani kwa kilo 9. Nilihisi tarakimu zimegeuzwa, nikaenda kwa karani wa mzani tukaangalia nakala yake, tukathibitisha. Nilimweleza msimamizi kabla malipo hayajatoka, vocha ikaandikwa upya. Baada ya hapo nikawa naweka alama kwenye kila karatasi niliyokwisha kuilinganisha, ili isipite mara mbili."

Hotuba hiyo haifiki dakika mbili. Ina hali ilivyokuwa, ina jukumu lako, ina ulichofanya kwa mikono yako, ina kilichotokea baadaye. Mahojiano mengi siku hizi yanatafuta vitu hivyo vinne, hata kama swali limekuja kwa sura nyingine: "tupe mfano wa tatizo ulilotatua", "uliwahi kugundua kosa?", "unafanyaje kazi na idara nyingine?"

Namba nilizotumia ni za mfano. Usiende nazo. Nenda na zako, na kama hukuwahi kukuta kosa lolote, eleza ulichokuwa unakagua na kwa nini. Anayetunga kisa hupita swali la kwanza, huanguka la tatu: uliyemwendea mzanini alikuwa na cheo gani, alikujibu nini, nakala mlizitunza wapi. Aliyekuwepo anajibu bila kufikiri. Aliyetunga anaanza kuangalia dari.

Jambo moja wengi hawaambiwi: kisa cha fildi kinaweza kukuharibia ukikisimulia ovyo. Usitaje jina la wakala, usitaje bei ambayo kiwanda kilikuwa kinampa nani, usieleze udhaifu wa kiwanda kana kwamba unapiga soga. Hapa Mwanza viwanda vya minofu vinagombania samaki walewale na mawakala walewale. Jopo likisikia unamwaga siri za ulikotoka, linajua zake nazo zitafika kwa washindani kabla ya jioni. Sema "wakala mmoja", sema "tofauti ya kilo kadhaa", basi. Kwa mhasibu, kuufunga mdomo ni sehemu ya sifa za kazi.

Rudi kwenye daftari lako la fildi, lile mlilokuwa mnasainiwa kila wiki. Lifungue ukurasa kwa ukurasa, uchague visa vitatu: siku uliyogundua jambo, siku uliyokosea wewe mwenyewe na ukarekebisha, na siku uliyofanya kazi kwa haraka au na mtu mgumu. Vitatu vinatosha. Ukivijua vizuri, utaona maswali kumi tofauti yanaangukia mle mle. Hicho cha kukosea usikiruke. Mhasibu anayedai hajawahi kukosea anatisha kuliko aliyekosea akasema.

Kuna jambo la malezi nataka niliguse kwa upole. Wengi tumelelewa tusijisifu mbele ya wakubwa, na ni malezi mema. Lakini kwenye usaili yanageuka ukimya. Binti anasema "tulifanya", "tulilinganisha", "tuligundua", na mimi ninayesikiliza siwezi kujua yeye alifanya nini na wenzake walifanya nini. Kusema "mimi nililinganisha, msimamizi akaidhinisha" si majivuno, ni kugawa kazi kwa haki. Wape wenzako sehemu yao, nawe chukua yako. Hivyohivyo kuhusu macho: kumwangalia anayekuuliza unapomjibu si utovu wa adabu. Ingia, wasalimie kwa heshima kama ulivyolelewa, subiri ukaribishwe kiti, ukishakaa inua uso.

Lile swali lililokuangusha, la kujieleza, halitaki historia ya maisha. CV yako wanayo mezani. Wanataka kujua kwa dakika moja uko wapi leo, umeshagusa kazi gani inayofanana na yao, na kwa nini umekuja kwao. Mfano: "Namaliza shahada ya uhasibu mwezi wa saba. Fildi nilifanya malipo ya wauzaji kwenye kiwanda cha samaki, nikajifunza kulinganisha nyaraka kabla hela haijatoka. Nimeomba kazi hii kwa sababu ninyi pia mnalipa watu wengi kwa uzito na kwa safari, na ndiyo kazi ninayoifahamu." Kwenye ile kampuni ya mizigo hilo la mwisho lingewafanya wainue vichwa, kwa sababu mizigo nayo ina karatasi ya mzani na vocha. Ulikuwa na jibu lao mkononi, hukujua ni jibu.

Ukiitwa kiwandani, jua biashara yao zaidi ya jina lililo getini. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na leo minofu yake inakwenda masoko ya nje, Ulaya ikiwemo, na mabondo yake, yaani vibofu vyake vya hewa, yanatafutwa sana Uchina. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwenye soko lake baada ya kuibuka habari za uvuvi wa sumu, na viwanda vya ukanda huu viliumia vibaya. Tangu wakati ule, kujua samaki ametoka wapi, kaletwa na nani na lini, ni jambo la kufa na kupona kwa kiwanda. Unaona inakokwenda? Karatasi ya mzani uliyokuwa unaipanga kwenye faili ni moja ya nyaraka zinazomrudisha samaki kwenye asili yake. Mwombaji wa kazi ya hesabu anayeweza kusema hivyo, kwa sentensi mbili, amewaambia kwamba anajua vocha inatumika kwa nini nje ya ofisi yake. Ukitaka kuisikia biashara hiyo kwa masikio, nenda soko la samaki la mwaloni Kirumba asubuhi moja, uwasikilize wanavyopatana.

Serikalini mambo ni tofauti, na maandalizi yake yanaanza na karatasi kabla ya maneno. Nafasi nyingi zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi unafanya mtandaoni kwenye Ajira Portal kwa kutumia namba yako ya NIDA. Usaili wao kwa kawaida unaanza na mtihani wa mchujo wa kuandika. Kwa baadhi ya kada kuna wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Unakwenda na vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita au stashahada, na cha shahada. Soma tangazo lao la kuitwa kwenye usaili mstari kwa mstari, utakuta wameandika kwamba matokeo ya muda na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Hapo wewe una kazi ya kufanya. Unamaliza mwezi wa saba, lakini kumaliza si kupata cheti. Uliza ofisi ya usajili ya chuo chako sasa hivi vyeti vya mwaka wenu vinatoka lini, ujue ni matangazo gani utayaweza na yapi bado. Viwanda na kampuni binafsi mara nyingi hupokea barua ya chuo kwa muda, kwa hiyo anza na hao.

Majina nayo yaangalie leo. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na cha kidato cha nne kina mawili, au herufi moja imepotea, utahitaji hati ya kisheria ya majina, ile wengi tunaiita kwa Kiingereza deed poll. Inaandaliwa na wakili na kusajiliwa, na haipatikani kwa siku moja. Nimeona vijana waliofaulu mchujo wakirudishwa mlangoni kwa sababu ya herufi, na hakuna kinachouma kama kumwona mtu aliyesafiri kwa nauli ya kuchangiwa na ukoo anarudi hajafungua kinywa. Nauli, chakula na malazi vya usaili huo unajigharamia mwenyewe, kwa hiyo angalia umepangiwa mkoa gani, ujiwekee akiba mapema.

Kwenye mchujo wa kada yako hutoki nje ya yale ya darasani, ila yanaulizwa kwa haraka: usuluhisho wa benki, viwango vya kimataifa vya uhasibu, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kanuni za fedha za umma. Ongeza mifumo ambayo Serikali inaitumia kweli. Malipo yanapita MUSE, manunuzi yanapita NeST, na makusanyo yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ambayo kila mlipaji anaiita kontroo namba. Hutegemewi uwe umeitumia mifumo hiyo ukiwa mwanafunzi. Unategemewa ujue ipo na inafanya nini. Na usome vizuri sifa za nafasi, kwa sababu nyingine zinataka CPA, cheti cha taaluma cha bodi ya wahasibu NBAA, na nyingine hazitaki. Usipoteze muda kwa nafasi isiyo yako.

Usaili wa vitendo kwako ni Excel, programu ya majedwali. Sitazunguka. Ukiwekewa kompyuta na jedwali la malipo ya watu mia mbili, uweze kupanga, kuchuja, kujumlisha kwa sharti, na kuoanisha orodha mbili ili kupata zisizofanana. Hilo la mwisho ndilo ulilolifanya kwa macho na kalamu ya rangi wiki zote za fildi. Jifunze kulifanya kwa fomula ya Excel iitwayo VLOOKUP kwenye kompyuta za maktaba ya chuo, usiku mbili tatu zinatosha kuanza, na fanya mpaka vidole vizoee bila kuangalia video.

Kiingereza. Mwanangu, hukushindwa kwa sababu hukijui, maana umesoma shahada kwa lugha hiyo na mitihani umeandika. Kilichokosekana ni mdomo kuzoea. Kila siku kwa wiki chache, simulia visa vyako vitatu kwa sauti, kwa Kiingereza chako, ukijirekodi kwenye simu. Usivikariri neno kwa neno, kwa sababu aliyekariri akikatizwa hawezi kurudi. Kumbuka tu mpangilio. Mwombe mwenzako akukatize makusudi kwa maswali. Sentensi fupi, za kawaida, bila misamiati ya kupamba. Swali usipolielewa, omba lirudiwe, hakuna anayekukata alama kwa hilo. Na ukikwama kabisa, omba ruhusa umalizie kwa Kiswahili. Majopo mengi ya hapa yanaruhusu. Kama kazi yenyewe ni ya kuwasiliana na wateja wa nje, hapo ujue Kiingereza ni sehemu ya kazi na hawatakuachia.

Mavazi hayahitaji mkopo. Sketi au suruali ya kitambaa na blauzi safi utapata kwa mtumba pale Mlango Mmoja, fundi aipunguze ikukae, na viatu ambavyo umeshavitembelea. Kutoka Nyegezi kuja mjini asubuhi barabara ya Kenyatta inajaa. Panda daladala mapema kuliko unavyodhani, ukae nje ya geti ukisubiri, kuliko kuingia unahema. Mlinzi na katibu muhtasi wasalimie vizuri pia, kwa sababu mara nyingi tunawauliza baadaye yule mtu alikujaje.

Sasa mshahara. Serikalini hakuna cha kupatana, kila kada ina ngazi yake na tangazo linaitaja. Kwenye kampuni binafsi utaulizwa, na hapa nakuomba usijibu "chochote mtakachonipa". Mhasibu asiyejua thamani ya kazi yake anawafanya wajiulize kama atajua thamani ya hela zao. Piga hesabu hii kabla hujaingia. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 600,000 na hakuna posho. NSSF asilimia 10 inachukua 60,000. Inabaki 540,000 ya kukokotolea kodi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, haigusi 270,000 ya kwanza. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000, na zile 20,000 zinazozidi 520,000 zinatozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi yote 24,000. Kama ulisoma kwa bumu, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Mkononi inakufikia 426,000. Toa chumba, toa nauli ya daladala kwenda na kurudi siku zote za kazi, toa chakula, toa unachotuma nyumbani. Kinachobaki ndicho kinakuambia chini ya kiasi gani huwezi kufanya kazi.

Baada ya hapo waulize watu wawili watatu wanaofanya kazi kama hiyo hapa mjini, upate kiwango cha soko. Kisha jibu kwa kiwango, siyo namba moja: "Kwa kazi ya ngazi hii naona ni kati ya kiasi hiki na kiasi hiki kabla ya makato, na niko tayari kusikia utaratibu wenu." Hayo maneno "kabla ya makato" yaseme wazi. Nimeona watu wakisaini wakidhani namba waliyopewa ndiyo ya mfukoni, na mwisho wa mwezi wa kwanza wanalia.

Kwa kuwa wewe ni binti, kuna maswali mengine yanaweza kuja: umeolewa, una mpango wa kuzaa lini, una mtoto wa kuacha na nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi. Lakini najua ukiwa kwenye kiti hutaki kuanza kuwasomea sheria. Jibu linalohusu kazi: "Saa za kazi mlizozitaja naziweza, na zamu za usiku za mwisho wa mwezi naziweza." Wakiendelea kung'ang'ania, umeshajifunza kitu kuhusu mahali hapo, na una haki ya kukifikiria kabla hujakubali.

Na anayekuita "usaili" hotelini jioni, au anayesema kazi ipo ila mkutane kwanza pembeni, huyo hana usaili. Kuomba rushwa ya ngono ni kosa kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, tunza ujumbe wote. Hali kadhalika anayetaka utume hela ya fomu, ya vipimo au ya sare kabla hujaonana na mwajiri. Mwajiri wa kweli hakutozi hela ili akuulize maswali. Hakuna kazi unayoipoteza kwa kukataa mambo hayo, kwa sababu haikuwepo.

Nimeliacha la wenzako mwisho kwa sababu lina ukweli ndani yake, na sitaki kukudanganya. Kujuana kupo. Nafasi ndogo za viwandani mara nyingi hazifiki kwenye tangazo. Msimamizi anauliza, "Mnamjua kijana yeyote wa hesabu anayeaminika?" na jina linatajwa. Ila fikiria vizuri nani anaweza kutaja lako. Mtu ndani unaye. Ni yule aliyekusainia daftari la fildi wiki zote, aliyekuona unafika saa ngapi, anayejua ni vocha gani zilirudishwa kwa sababu yako. Wenzako wengi walimaliza fildi wakachukua muhuri wakaondoka bila kuaga, na sasa wanatafuta mjomba wa mtu.

Mpigie wiki hii, kabla hujaandika namba yake kwenye CV. Msalimie, mkumbushe wewe ni nani na ulikaa kitengo gani, mwambie unamaliza mwezi wa saba na unaomba kazi za aina gani, kisha umwombe ruhusa ya kumweka kama mdhamini wako. Muulize pia kama kiwandani kwao wanachukua vibarua wa hesabu msimu wa ukaguzi, maana miezi miwili mitatu ya hapo ni uzoefu unaoandikika. Akikubali, mtumie CV yako, na kila unapoitwa usaili mtumie ujumbe wenye jina la nafasi na mambo mawili ambayo ungependa ayaseme akiulizwa. Hakikisha namba uliyoandika ndiyo anayoipokea saa za kazi. Jopo likipiga mara mbili bila kupokelewa, mara nyingi linahamia kwa jina linalofuata kwenye orodha.